Intaneti ipo, gemu inaganda

Maswali ya wasomaji kuhusu konsoli na mtandao wa nyumbani

Barua za safari hii karibu zote zinauliza ninunue nini. Ushauri wetu ni kutonunua chochote mpaka ujue tatizo liko sehemu gani ya njia: kati ya konsoli na ruta, kati ya ruta na mtoa huduma, au huko mbele kwenye seva ya gemu. Kupima ni bure.

SWALI: Salaam wahariri. Nalipia kifurushi cha megabiti 50, na nikipima kwa simu napata 48. Mchana nacheza bila shida. Ikifika jioni, watu wakisharudi nyumbani, wachezaji wenzangu wanaanza kurukaruka kwenye skrini, na risasi ninayopiga inahesabiwa kwa kuchelewa au haihesabiwi kabisa. Nipande hadi megabiti 100?
– Mpiganaji wa jioni

JIBU: Usipande kwanza. Gemu nyingi zikiwa katikati ya mechi hutumia chini ya megabiti 1 kwa sekunde, maana kinachosafiri ni taarifa fupifupi: umesimama wapi, umegeukia wapi, umebonyeza nini. Picha inachorwa na konsoli yako mwenyewe. Kwa hiyo megabiti 48 zinakutosha na chenji inabaki. Kinachoharibu mechi ni mambo matatu ambayo kipimo cha kasi hakiyaonyeshi vizuri: pingi, yaani muda wa taarifa kwenda na kurudi kwa milisekunde, kuyumba kwa pingi hiyo, na pakiti, yaani vipande vya taarifa, zinazopotea njiani. Pingi ya 60 iliyotulia inachezeka kuliko ya 20 inayoruka hadi 250 kila baada ya sekunde chache.

Chukua kompyuta, iweke palepale konsoli ilipo na uiunganishe kwa njia ileile. Kama konsoli iko kwenye Wi-Fi, kompyuta nayo iwe kwenye Wi-Fi. Kwenye Windows fungua Command Prompt, andika ipconfig, kisha tafuta mstari wa Default Gateway. Hiyo ndiyo anwani ya ruta yako, mara nyingi 192.168.1.1 au 192.168.0.1. Sasa fungua madirisha mawili. La kwanza andika ping -t 192.168.1.1 (au anwani uliyoikuta), la pili andika ping -t 1.1.1.1 (seva iliyo nje, kwenye intaneti). Yaache dakika kumi, saa ileile ya tabu, kisha simamisha kwa Ctrl+C usome.

Dirisha la kwanza linapima safari ya ndani ya nyumba. Kwa kebo unategemea chini ya milisekunde 1, kwa Wi-Fi nzuri kati ya 2 na 5. Ukiona 80, 150, au mistari ya "Request timed out" inajirudia hapo, tatizo liko kwenye Wi-Fi yako na mtoa huduma hana kosa. Mruko mmoja peke yake usikusumbue. Kuna ruta zinazochelewa kujibu ping kwa sababu zina kazi nyingine. Angalia mwenendo wa dakika zote kumi.

Kama dirisha la kwanza limetulia na la pili linaruka, fanya jaribio moja zaidi. Waombe wote nyumbani waache kutumia mtandao kwa dakika mbili. Pingi ikirudi 20, mwambie mmoja apakie video ndefu kutoka kwenye simu yake. Ikipanda papo hapo hadi 300 au 400, umeshampata mchawi: ni foleni ya kupakia. Ikibaki juu hata nyumba ikiwa kimya, na ni jioni tu, msongamano uko kwa mtoa huduma. Mpigie ukiwa na saa na namba ulizoandika, si na neno "mtandao uko slo".

Kwa maelezo uliyotoa tunadhani ni foleni. Laini nyingi za nyumbani hutoa kasi kubwa ya kupakua na ndogo ya kupakia, tuseme 50 kwa 5. Simu ikianza kuhifadhi gigabaiti 1 ya picha mtandaoni, kwa megabiti 5 itachukua kama dakika 27. Muda wote huo pakiti za picha zinajazana kwenye modemu zikisubiri kutoka, na pakiti ndogo ya gemu yako inapanga mstari nyuma yao. Foleni ya kilobaiti 256 kwa kasi hiyo inachukua takriban milisekunde 400 kuisha. Kifurushi cha 100 chenye kasi ileile ya kupakia hakitabadilisha kitu, kwa hiyo kabla ya kupanda uliza namba ya pili, ile ambayo matangazo huwa hayaitaji.

Dawa iko kwenye menyu ya ruta, kwenye mipangilio ya foleni iitwayo QoS, SQM au "Smart Queue". Pima kasi zako halisi, kisha weka kikomo cha asilimia 85 hadi 90 ya kila moja. Kwa 48 ya kupakua weka 42, kwa 5 ya kupakia weka 4.4. Inauma kuacha sehemu ya kasi unayoilipia, lakini ndivyo foleni inavyohamia kwenye ruta, yenye mbinu ya kuipanga, badala ya kujaa kwenye modemu isiyojali pakiti ni ya nani. Ukipewa kuchagua aina, chukua CAKE au fq_codel. Zinagawa zamu kwa kila mtiririko bila wewe kuandika kanuni yoyote. Ruta za zamani zina orodha ya vipaumbele tu. Ipe konsoli nafasi ya juu, na usisahau kujaza kasi halisi ya laini, maana bila hiyo vipaumbele hivyo havina kazi.

Kama ruta yako inatumia laini ya simu (SIM), kasi inapanda na kushuka siku nzima na kikomo kimoja hakikai sawa. Pima saa mbaya kuliko zote, uweke kikomo kwa namba hiyo. Na ruta isiyo na lolote kati ya haya? Zima uhifadhi wa picha wa kujiendesha kwenye simu zote, au uusogeze hadi usiku wa manane. Ruta zinazouzwa kwa sifa ya michezo hatuna ugomvi nazo, ila antena nane hazipunguzi foleni.

SWALI: Shikamooni. Konsoli yangu iko chumbani, ruta sebuleni. Wi-Fi ni ya 5 GHz na alama ya nguvu imejaa. Hata hivyo usiku natupwa nje ya mechi mara moja au mbili, mtandao unapotea kama dakika moja hivi, halafu unarudi wenyewe. Wenye simu nao wanalalamika wakati huohuo.
– Chumba cha pili

JIBU: Marahaba. Hiyo dakika moja ndiyo inayotuambia mengi. Chaneli za 5 GHz kuanzia 52 hadi 144 zinatumiwa pia na rada, na ruta ikisikia rada, au ikidhani imesikia, lazima ihame. Ikihamia chaneli nyingine ya kundi hilohilo, kwanza inasikiliza bila kutangaza kwa angalau sekunde 60. Kwa mtu anayetazama video hilo halionekani sana, maana sehemu inayofuata imeshapakuliwa. Mechi haina akiba ya namna hiyo. Ingia kwenye ruta, toa chaneli kwenye "Auto" uweke 36, 40, 44 au 48, na usome kumbukumbu za ruta kama zina neno "DFS" au "radar" saa uliyotupwa nje.

Ikiwa tatizo linabaki, rudi kwenye jaribio la dirisha la kwanza hapo juu. Alama iliyojaa inaonyesha nguvu ya mawimbi na haisemi lolote kuhusu kelele. Kelele ni shida zaidi kwenye 2.4 GHz, ambako chaneli zisizogongana ni tatu tu: 1, 6 na 11. Ukiweka 3 au 4 kwa kudhani umewakwepa majirani, utagongana na wa 1 na wa 6 kwa pamoja. Tanuri la maikrowevu hufanya kazi karibu na 2.45 GHz, kwa hiyo chakula kikipashwa moto mechi inaweza kuyumba. Chanzo ambacho wengi hawakifikirii ni diski ya nje ya USB 3.0 iliyochomekwa nyuma ya konsoli. Kebo yake hutoa kelele ya redio eneo hilohilo la 2.4 GHz. Chomoa diski, pima, rudisha, pima tena. Kama ndiyo yenyewe, tumia kebo fupi yenye kinga nzuri na uiweke diski mbali kidogo.

Wenye PlayStation 4 ya kwanza, ya mwaka 2013, msihangaike kutafuta 5 GHz kwenye orodha. Haipo, iliingia na Slim na Pro za 2016.

Pamoja na yote hayo, kebo inamaliza mjadala. Cat 5e inatosha na inafika mita 100, na urefu ndani ya mita hizo hauongezi pingi kiasi cha kuhisiwa. Ukishaichomeka angalia konsoli inasoma kasi gani ya muunganisho. Gigabiti 1 inahitaji nyaya zote nane ndani ya kebo, megabiti 100 inahitaji nne tu, zile za pini 1, 2, 3 na 6. Konsoli na ruta za gigabiti zikiishia kwenye 100, kuna waya mmoja haukugusa vizuri kwenye kichwa. Mechi itaenda sawa kwa 100, lakini kichwa hichohicho kilicholegea kinaweza kukata kabisa siku ukisogeza meza. Shika plagi na uivute taratibu. Isipobaki imeng'ang'ania, kile kiulimi cha plastiki kimevunjika na kichwa kibadilishwe. Nintendo Switch ya 2017 haina tundu la kebo, inahitaji adapta ya USB kwenye kituo chake (dock). Kituo kilichokuja na ile ya OLED ya 2021 kinalo.

Kebo ikishindikana kabisa, adapta za kupitisha mtandao kwenye nyaya za umeme zinaweza kusaidia, mradi zichomekwe moja kwa moja ukutani. Ukizipitisha kwenye ekstensheni yenye kinga ya umeme, kinga hiyo inachuja mawimbi yake. Kirudisha mawimbi kiwe chaguo la mwisho: cha bei nafuu kinapokea na kurusha tena kwa chaneli ileile, hivyo kila pakiti inasafiri hewani mara mbili.

SWALI: Habari za kazi. PlayStation 5 yangu inasema NAT Type 3. Naingia kwenye baadhi ya mechi, lakini rafiki yangu mmoja simsikii kabisa na mwingine namsikia. Nina modemu ya mtoa huduma na ruta yangu niliyoinunua. Nimefungua poti zote nilizoelekezwa, wapi!
– Nisikieni jamani

JIBU: NAT ni kazi ya ruta ya kuvifanya vifaa vya nyumbani vitumie anwani moja ya nje, na poti ni milango yenye namba ambayo ujumbe hupitia. Wewe una ruta mbili, na poti umezifungua kwenye moja. Modemu nyingi za watoa huduma ni ruta kamili ndani yake. Ujumbe wa rafiki yako unafika kwenye ile ya kwanza, ambayo haijui impelekee nani, na unaishia hapo.

Kuthibitisha, ingia kwenye ruta yako mwenyewe, ukurasa wa hali, usome anwani ya WAN, yaani ya upande wa nje. Ikianza na 192.168, 10, au kati ya 172.16 na 172.31, kuna ruta nyingine mbele yako. Una njia mbili. Ya kwanza, badilisha modemu iwe kwenye hali ya "Bridge" ili ipitishe tu, na ruta yako ibaki yenye kazi yote. Ya pili, ruta yako iwe "Access Point", yaani itoe Wi-Fi tu na kuiachia modemu kazi ya ruta. Kama haina chaguo hilo, zima DHCP yake (ugawaji wa anwani), ipe anwani isiyogongana na kitu kingine (kwa mfano 192.168.1.2 ikiwa modemu ni 192.168.1.1), kisha hamisha kebo kutoka tundu la WAN kwenda tundu la LAN (la ndani). Watu wanasahau hiyo hatua ya mwisho, halafu wanashangaa NAT haijabadilika.

Ikiwa anwani ya WAN iko kati ya 100.64 na 100.127, habari ni nyingine. Hapo ni mtoa huduma anayekuchanganya na wateja wengine kwenye anwani moja ya nje, na hakuna utakachofungua nyumbani kitakachosaidia. Namba hizo zilitengwa kwa kazi hiyo mwaka 2012, na utazikuta sana kwenye laini za simu. Mwombe mtoa huduma anwani ya IPv4 ya umma. VPN (huduma inayopitisha mtandao wako kwenye seva nyingine) yenye kufungua poti inafanya kazi pia, ila unalipa kwa pingi.

Ukishabaki na ruta moja, washa UPnP na uache konsoli ijifungulie poti yenyewe. Kama ilikuwa imewashwa tayari, izime, washa upya ruta, kisha iwashe. Mara nyingine orodha yake ya poti inabaki na vitu vya zamani. Kufungua kwa mkono ni pale UPnP inapogoma tu. Kwanza ihifadhie konsoli anwani ya kudumu kwa namba yake ya MAC (kitambulisho cha kifaa), kisha fungua TCP 80, 443 na 3478 hadi 3480, pamoja na UDP 3478 na 3479. Usiache UPnP na kanuni za mkono zikigombea poti moja.

Lengo lako ni Type 2. Type 1 maana yake konsoli imeunganishwa kwenye intaneti bila ruta, na haikupi ushindi wowote wa ziada. Kwa Xbox lengo ni "Open", kwa Switch ni A au B. Switch ikikuonyesha kosa 2618-0516, ni tatizo hilihili la NAT.

SWALI: Mimi ni mzazi, sichezi. Wanangu wawili wana Xbox kila mmoja. Akiingia wa kwanza anapata "Open", wa pili anapata "Strict", na ugomvi unaanzia hapo. Fundi alifungua poti 3074.
– Mama wa wawili

JIBU: Mama, fundi alifanya kazi ya konsoli moja. Xbox zote mbili zinaitaka UDP 3074, na ruta inaweza kuielekeza kwa mmoja tu. Futa kanuni ya fundi, washa UPnP, kisha kwenye Xbox ya pili fungua Settings, General, Network settings, Advanced settings, na hapo "Alternate port selection". Chagua poti yoyote iliyoorodheshwa isipokuwa ile ya konsoli ya kwanza. Zima konsoli zote mbili kabisa, siyo kuzilaza, washa upya ruta, ndipo uwashe moja baada ya nyingine.

SWALI: Napakua gemu ya gigabaiti 50 kwenye PS4 na inaniambia itachukua saa tisa, wakati laini ni ya 48. Kulikoni?
– Subira imeisha

JIBU: Megabiti 48 ni megabaiti 6 kwa sekunde, kwa hiyo gigabaiti 50 haziwezi kushuka chini ya saa 2 na dakika 19 hata kila kitu kikiwa sawa. Kufikia saa tisa, mara nyingi kuna gemu nyingine umeiacha wazi nyuma, na konsoli inapunguza kasi ya kupakua kwa ajili yake. Ifunge kabisa, usiishie kurudi kwenye ukurasa wa nyumbani. Bado? Sitisha upakuaji na uuendeleze, au iache konsoli ipakue ikiwa imelala.

SWALI: Nilibadilisha DNS kuwa 8.8.8.8, pingi ikabaki vilevile. Nimekosea wapi?

JIBU: Hujakosea. DNS inatafsiri jina la seva kuwa anwani mwanzoni, halafu inakaa pembeni. Ibadilishe pale konsoli inapolalamikia DNS yenyewe.

SWALI: Nimefanya yote: kebo, NAT nzuri, hakuna pakiti inayopotea. Pingi ni 180 mchana na usiku, bila kuyumba.
– Mbali na wenzangu

JIBU: Hiyo ni jiografia. Mwanga ndani ya kebo ya fiba unakwenda takriban kilomita 200,000 kwa sekunde, yaani kila kilomita 100 za umbali ni milisekunde 1 ya kwenda na kurudi. Seva iliyo kilomita 8,000 haiwezi kukupa chini ya 80, na kebo hazinyooki kama rula. Angalia kwenye mipangilio ya gemu kama unaweza kuchagua eneo la seva. Kama gemu inachagua yenyewe, mara nyingi inamfuata mwenye kikundi, hivyo aliye karibu na seva mnayoitaka ndiye aanzishe kikundi. Ukichagua eneo la karibu na bado unaona 180, andika tracert kwenye Command Prompt ikifuatiwa na anwani ya seva iliyo eneo hilo, uone ni hatua ipi namba inaporuka. Pakiti inayozunguka bara jingine kwanza kabla ya kurudi jirani ni suala la njia za mtoa huduma, na orodha hiyo ya hatua ndiyo ya kumtumia.

SWALI: Xbox inasema MTU yangu ni ndogo. Ndiyo nini?

JIBU: Ni ukubwa wa juu wa pakiti moja kwa baiti, na Xbox ina kiwango cha chini inachokitaka. Kwenye Windows andika ping -f -l 1472 1.1.1.1. Ikikataa kwa madai kwamba pakiti lazima ikatwe, punguza 8 na ujaribu tena mpaka ipite, kisha ongeza 28 kwenye namba iliyopita. Laini ya kawaida itakupa 1500, ya PPPoE 1492. Jumla hiyo iandike kwenye mipangilio ya WAN ya ruta. Xbox ikiendelea kulalamika, ondoa VPN iliyowashwa kwenye ruta kabla ya kumsumbua mtu.